Nikiacha nafasi mbele yangu, wengine wanaijaza

SWALI: Ndugu Mhariri, kila siku ya kazi ninaendesha gari dogo kutoka Moshi kwenda Arusha. Nilipojifunza udereva niliambiwa niache nafasi ya kutosha kati yangu na gari la mbele, lakini kila ninapoiacha, daladala huniovateki na kuingia hapo hapo, huku aliye nyuma yangu akinipigia taa nisogee. Nafasi ya kutosha ni mita ngapi hasa, na kuna faida gani kuiacha ikiwa wengine wanaijaza?
Msomaji, Soweto, Moshi.

JIBU: Ndugu msomaji, mita tuziweke kando kwanza, kwa maana ni madereva wachache mno wanaoweza kukadiria mita 60 kwa macho wakiwa kwenye mwendo. Pima kwa sekunde. Chagua kitu kisichosogea, kama nguzo ya umeme au kivuli cha mti kilicholala juu ya lami, mara gari la mbele linapokipita, anza kuhesabu kwa sauti ya kawaida: “mia moja na moja, mia moja na mbili, mia moja na tatu.” Ukikifikia kabla hujamaliza, umekaribia mno. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari hukata takriban mita 22 kila sekunde, hivyo sekunde tatu ni kama mita 66. Kwa kilomita 50, mwendo wa kwenye makazi ya watu kama Usa River, ni kama mita 42.

Nafasi hiyo inahitajika kwa sababu mguu haufiki kwenye breki papo hapo. Tangu jicho lione hatari hadi mguu ukanyage, mara nyingi hupita sekunde moja au zaidi, na muda wote huo gari linaendelea kwa kasi ileile. Baada ya hapo breki nazo zina kazi yao: mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali zinaohitaji kulisimamisha gari huongezeka mara nne. Tena wapo wenye taa za breki zilizokufa, ambao utajua wanasimama pale tu unapoona bodi ya gari lao inazidi kuwa kubwa mbele ya kioo chako. Wakati wa masika, lami inapolowa, hasa kwenye mteremko wa Kikafu, hesabu angalau hadi nne. Nyuma ya lori, kaa mbali kiasi cha kuviona vioo vyake vya pembeni, kwani usipoviona, dereva wake naye hakuoni.

Sasa nije kwenye malalamiko yako, ambayo nayaelewa vizuri, kwa kuwa barabara hiyo naipita mara kwa mara. Gari linapoingia mbele yako, ondoa mguu kwenye mafuta taratibu bila kufunga breki, mpaka sekunde tatu zirudi. Unachopoteza ni hizo sekunde tatu tu. Wakiingia madereva 20 kati ya Moshi na Tengeru, zinapoanza njia nne, utakuwa umechelewa dakika moja, katika safari ya kilomita 80 hivi ambayo matuta na vivuko vya waenda kwa miguu vimekwisha kuirefusha. Nakusihi usiibane nafasi ili kuwazuia, kwani anayeovateki akikosa pa kuingia huku gari linakuja mbele yake, ajali itawakumba nyote watatu.

Na huyo anayekupigia taa? Kadiri anavyokukaribia, ndivyo unavyopaswa kuongeza nafasi ya mbele, hadi sekunde nne au tano, ili likitokea jambo upunguze mwendo polepole naye apate muda wa kusimama. Gusa breki kidogo mapema taa ziwake kabla hujapunguza mwendo. Barabara ikiwa wazi na mstari ukiruhusu, sogea kushoto kidogo, punguza mwendo, apite.