Soko la nyanya darasani: kadi 40 na bei inayojitafuta yenyewe

Mada ya uhitaji na ugavi kidato cha tano mara nyingi huanzia ubaoni: mistari miwili inakatana, herufi zinaandikwa pembeni, wanafunzi wananakili. Wanaijua kwa mtihani, lakini ukiwauliza kwa nini bei itulie pale na si kwingine, wanakuonyesha makutano ya mistari. Ushauri wangu kwa walimu wenzangu wa Dar es Salaam ni kugeuza mpangilio. Wafanye biashara kwanza, bei ijitokeze mbele ya macho yao, mchoro uje mwishoni kueleza kitu walichokwisha kukiona.

Bidhaa nzuri ya kuanzia ni tenga la nyanya. Kila mtoto wa mjini amewahi kutumwa nyanya, na wengi wanajua kwamba matenga yanayoshushwa Ilala yametoka mbali, Ilula mkoani Iringa kwa mfano. Kata manila kupata kadi 40: 20 za wanunuzi kwa wino wa bluu, 20 za wauzaji kwa wino mwekundu. Kadi ya mnunuzi ina thamani, yaani kiasi cha juu kabisa anachoweza kulipa. Kadi ya muuzaji ina gharama, yaani kiasi ambacho chini yake anapata hasara.

Namba za kadi ndizo nusu ya somo, usizibuni ukiwa umeshasimama mbele ya darasa. Hizi zinafanya kazi vizuri, na kila namba andika kadi mbili. Wanunuzi, kwa maelfu ya shilingi: 50, 47, 44, 41, 38, 35, 32, 29, 26, 23. Wauzaji: 18, 21, 24, 27, 30, 33, 36, 39, 42, 45. Zipange sambamba utaona kwamba jozi sita za mwanzo zinaweza kupatana kwa faida, mpaka 35 kwa 33. Ya saba, 32 kwa 36, haiwezekani. Kwa hiyo msawazo, yaani pale kiasi kinachotakiwa kinapolingana na kinacholetwa sokoni, ni matenga 12, kwa bei kati ya 33,000 na 35,000. Wewe unajua, wao hawajui. Asiambiwe mtu.

Sheria ni chache. Kila mmoja ananunua au kuuza tenga moja kwa raundi. Kadi ni siri. Wakikubaliana, wote wawili wanakwenda mezani kwa karani na kadi zao. Karani anahakikisha bei haijazidi thamani ya mnunuzi wala kushuka chini ya gharama ya muuzaji, kisha anaitangaza kwa sauti na kuiandika ubaoni. Raundi moja ni dakika tano, na kipindi pacha cha dakika 80 kinatosha raundi tano pamoja na mjadala. Darasa likiwa na wanafunzi 60, wapange wawili wawili kwenye baadhi ya kadi, na uweke makarani wawili. Karani mmoja hufanya foleni mezani, na bei zikichelewa kufika ubaoni soko zima linafanya kazi gizani.

Hilo la ubao lina historia yake. Mwaka 1948 Edward Chamberlin wa Chuo Kikuu cha Harvard alichapisha matokeo ya soko la kadi alilofanya na wanafunzi wake. Walipatana wawili wawili, kila jozi kivyake, na mauziano yakazidi idadi ambayo nadharia ilitabiri. Vernon Smith, aliyewahi kushiriki soko hilo akiwa mwanafunzi, alilirudia miaka ya hamsini kwa namna nyingine: bei zilitangazwa hadharani, na soko likarudiwa kwa kadi zilezile. Bei ikasogea kwenye msawazo. Utafiti wa aina hii ndio uliomfikisha kwenye Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002. Kwa hiyo ukiacha kutangaza bei, au ukichanganya kadi upya baada ya kila raundi, usishangae msawazo usipoonekana. Umeondoa vitu viwili vinavyouleta.

Raundi ya kwanza itakuwa vurugu, na iache iwe hivyo. Bei zitatawanyika. Kuna mnunuzi mwenye kadi ya 50 atakayelipa 48,000 kwa kudhani kadi inamwamuru alipe kiasi hicho, na muuzaji wa 18 atakayetoa tenga kwa 22,000 akafurahia faida ya 4,000 huku jirani yake akiuza 37,000. Usiwasahihishe. Waachie dakika mbili wautazame ubao. Raundi ya pili yule muuzaji wa 18 hatakubali tena 22,000, na raundi ya tatu bei nyingi zitakuwa zimejikusanya karibu na 34,000. Waulize hapo: nani ameipanga? Hakuna aliyeipanga, na hakuna aliyekuwa na namba za wote. Kwangu mimi, hili ndilo jambo kubwa kuliko yote katika mada nzima, na mchoro peke yake haulionyeshi.

Tatizo la kawaida kuliko yote ni muuzaji wa 42 au 45 anayeona aibu kubaki na tenga, akaliuza kwa hasara ili naye aonekane ameuza. Ndiyo maana karani lazima akague kadi. Mweleze mwanafunzi huyo kwamba kutouza ndiyo hesabu sahihi kwa kadi yake, na kwamba mfanyabiashara halisi mwenye gharama hizo angeacha nyanya akatafuta kazi nyingine.

Raundi ya nne weka ushuru: kila tenga linalouzwa, muuzaji analipa 6,000 kwa karani. Kabla ya kuanza, darasa litabiri bei mpya kwa maandishi. Wengi wataandika 40,000, yaani 34,000 jumlisha ushuru wote. Soko litawaonyesha vingine. Bei itaelekea kati ya 36,000 na 38,000, na matenga yatapungua hadi 10. Bei imepanda kwa 3,000 tu, na muuzaji akishalipa ushuru anabaki na 3,000 pungufu ya zamani. Aliyetozwa kwenye karatasi hakuubeba mzigo wote, wala hakuweza kumtwika mnunuzi wote. Karani ana 60,000, na matenga mawili yaliyokuwa na faida kwa pande zote hayakuuzwa.

Raundi ya tano ondoa ushuru, tangaza bei kikomo, yaani bei ya juu kabisa inayoruhusiwa, ya 27,000. Sasa wanunuzi 16 wanataka, wauzaji wasiozidi wanane wako tayari. Mwenye kadi ya 29 aliyewahi anapata, mwenye 50 anakosa. Minong'ono ya kulipana pembeni itaanza yenyewe, na hiyo ni sehemu ya somo. Lazima atatokea atakayeuliza kuhusu mafuta ya petroli, maana EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Swali zuri. Kikomo kile hukokotolewa kutokana na gharama za kuagiza na hubadilika nazo, wakati kikomo cha darasani kimewekwa chini ya gharama za wauzaji wengi. Wapime wenyewe tofauti hiyo inafanya nini kwenye foleni.

Baada ya hapo ndipo chora. Waambie watoe kadi zote, wazipange thamani kutoka juu kwenda chini na gharama kutoka chini kwenda juu, kila mmoja aweke nukta yake ubaoni. Mistari watakuwa wameijenga wao.

Mfumuko wa bei hauhitaji kadi. Maharage yanatosha. Makundi manane, kila kundi punje 10, unanadi vitu vitano vidogo kama kalamu na biskuti, ukiandika bei za ushindi. Mnada wa pili vitu vilevile, punje 20 kila kundi. Sharti moja lisisahaulike: maharage yaliyobaki yarudishwe baada ya mnada wa kwanza. Wakijua wanaweza kuyatunza watayaficha, na ulinganisho wako utavurugika. Muda ukiruhusu, fanya mnada wa tatu wenye punje 20 na vitu kumi, ili wasiondoke wakidhani kila pesa inapoongezeka bei lazima zipande.

Suala la alama: usitoe kwa faida aliyopata mtu. Mnunuzi wa 50 ana nafasi ya kupata 16,000 bila jasho, mwenye 35 hata elfu mbili ni kazi, na wa 23 hana chochote. Toa alama kwa nusu ukurasa wa maandishi, ukiuliza kadi yangu iliniruhusu nini, bei ya soko ilikuwa ngapi, na kwa nini niliuza, nilinunua au nilikaa pembeni. Kisha kusanya kadi kabla kengele haijalia. Zikiondoka na wanafunzi, mkondo unaofuata utaingia darasani ukiwa na msawazo mfukoni.