Maswali ya Wasomaji: Bakteria Hupataje Chuma cha Damu?

SWALI: Tumefundishwa kwamba bakteria hawazaliani bila chuma, na kwamba chuma huru hakipatikani kwenye damu. Sasa wanaoingia mwilini hunawiri vipi?
Mwanafunzi wa uuguzi

JIBU: Chuma kipo tele, ila kimefungiwa. Karibu theluthi mbili ya chuma chote cha mwili imo kwenye hemoglobini, ndani ya hemu: pete yenye atomu moja ya chuma katikati. Hemoglobini nayo imo ndani ya chembe nyekundu. Kidogo kinachosafiri kwenye plazima hushikiliwa na transferini, protini inayobeba chuma.

Chukua Staphylococcus aureus, bakteria anayesababisha majipu. Chuma kikiwapo, protini yake iitwayo Fur hukalia jeni za kutafutia chuma na kuzizima. Kikipungua, Fur hubanduka na jeni huanza kazi. Sumu zake hupasua chembe nyekundu. Hemoglobini ikimwagika, mwili huwahi kuidaka kwa haptoglobini, na hemu iliyochomoka hudakwa na hemopeksini, zote mbili protini za damu, kwa hiyo hapo ni mashindano. Protini za juu ya ukuta wa bakteria, IsdB na IsdH, huikamata hemoglobini na kuing'oa hemu. IsdA huipokea, humpasia IsdC, naye humpasia IsdE kwenye utando, kisha huvushwa hadi ndani. Huko vimeng'enya IsdG na IsdI huikata pete, chuma kikatoka. Asishibe kupita kiasi, lakini: hemu ikizidi ni sumu, ndiyo maana ana pampu, HrtAB, ya kujilinda nayo.

Bakteria wa Gram hasi (wasioshika rangi ya zambarau ya kipimo cha Gram) wana kikwazo zaidi, yaani utando wa nje. Hemu haipenyi humo hivi hivi. Huvutwa na vipokezi maalumu vinavyopata nguvu kutoka kwa protini ya TonB. Serratia marcescens hutuma hata mjumbe nje, protini HasA, ainase hemu na kuileta kwenye kipokezi HasR.

SWALI: Kwa nini Haemophilus influenzae haoti kwenye agari (jeli ya kuoteshea bakteria) ya damu ya kondoo lakini huota kwenye agari ya chokoleti? Damu si ile ile?
Msomaji wa maabara

JIBU: Ile ile, ila kwenye agari ya chokoleti imepashwa moto hadi ikawa na rangi ya chokoleti. Bakteria huyu hawezi kujitengenezea hemu (kipengele X), na anahitaji pia NAD, kisaidizi cha vimeng'enya (kipengele V). Kwenye agari ya kawaida NAD imebaki ndani ya chembe, na damu ya kondoo ina vimeng'enya vya kuiharibu. Joto la karibu 80°C hupasua chembe na kuviua vimeng'enya hivyo. Usilizidishe: V nayo huharibiwa na joto. Otesha kwa 35–37°C penye kaboni dayoksaidi 5%.

Kwenye kipimo cha diski (vipande vya karatasi vyenye X, V au vyote viwili, XV, huwekwa juu ya agari isiyo navyo), H. influenzae huota kando ya diski ya XV tu, H. parainfluenzae huota kando ya V pia. Kosa linalojirudia ni kuchota koloni pamoja na kipande cha agari ya chokoleti. Hemu iliyoburutwa humlisha bakteria, H. influenzae akaota kando ya V na kusomwa kuwa parainfluenzae. Gusa kilele cha koloni tu. Ukiwa na shaka, fanya kipimo cha porfirini (pete ya hemu kabla ya kutiwa chuma): mpe asidi ya delta-aminolevuliniki, malighafi ya porfirini, uache kwa 35°C saa 4, kisha mulika kwa taa ya urujuanimno. Mng'ao mwekundu maana yake anajitengenezea porfirini mwenyewe, kwa hiyo si influenzae.