Ikisiri Yako Inapimwa Kiganjani

Barua pepe yangu ya kwanza ya kukataliwa niliisomea kwenye daladala la Buhongwa, nimebanwa dirishani, ndoo ya abiria mwenzangu imekaa mapajani mwangu. Mistari minne tu. Asante kwa kututumia kazi yako, kwa bahati mbaya haikupita mchujo wa awali, karibu tena kongamano lijalo. Nilikuwa nashuka Mkuyuni. Nilikuja kushtuka niko mjini.

Kwa miezi kadhaa niliamini kwamba wataalamu walikaa, wakaisoma kazi yangu ya miaka miwili juu ya ukaushaji wa dagaa, wakatikisa vichwa. Ukweli nimekuja kuujua nilipoanza kuitwa mimi mwenyewe kwenye kamati za kuhakiki: hakuna mtaalamu aliyeisoma. Iliishia mlangoni. Neno "mchujo" lilikuwa pale pale kwenye barua, nami nikalipita nikidhani ni lugha ya adabu.

Nianzie hapo, maana wengi wanaoniletea barua zao za kukataliwa wanachanganya mambo mawili. Mchujo si uhakiki. Mchujo hufanywa na katibu wa kamati ya kisayansi, pengine na msaidizi mmoja, na hapimi sayansi yako hata kidogo. Ana maswali yake makavu. Kazi hii inaingia kwenye mada ndogo zilizotangazwa? Imezidi maneno? Jina la mwandishi limetokea mahali lisipotakiwa? Kama watu walihojiwa au walitolewa damu, kibali cha maadili kimetajwa? Mtu huyuhuyu ametuma kazi hiyohiyo mara mbili kwa vichwa viwili? Ukikwama hapo, hakuna atakayejua kama uligundua kitu au hukugundua.

Ile ikisiri, yaani muhtasari wa utafiti niliokuwa nimewatumia, niliitafuta tena kwenye flashi ya zamani. Wito, lile tangazo la kongamano la kukaribisha kazi, ulitaka maneno yasiyozidi 300. Nilituma 412, nikidhani nawaongezea faida. Wito ulisema jina lisionekane kwenye faili. Langu lilikaa juu kabisa kwa herufi nzito, pamoja na cheo. Basi. Kukesha kote kule mwaloni, wanakoshushia samaki, kuliangushwa na maneno 112 na cheo cha mhadhiri msaidizi.

Waliopita mlangoni ndio wanaogawiwa kwa wahakiki, mara nyingi wawili au watatu kwa kila kazi. Hapa angalia fani yako. Kwenye afya, uvuvi, kilimo na sayansi za jamii, kinachohakikiwa kwa kawaida ni ikisiri peke yake, na makala kamili huja baadaye au isije kabisa. Kwenye sayansi ya kompyuta unatuma makala nzima, na kukubaliwa kongamanoni ndiko kuchapishwa kwenyewe. Nimeona kijana wa kompyuta akituma ukurasa mmoja kwa sababu mimi, dada yake mkubwa kazini, nilimwambia ikisiri inatosha. Lile kosa lilikuwa langu.

Sasa mhakiki ni nani? Ukitaka kumwelewa, nenda soko la samaki la Mwaloni Kirumba, hapa Mwanza, asubuhi. Simama karibu na mnunuzi mzoefu, si yule anayenunua sado moja ya nyumbani, yule anayejaza lori la mizigo ya Kongo. Anazamisha mkono kwenye gunia hadi kiwiko, maana anajua dagaa wa juu hupangwa wapendeze. Anatoa konzi moja, anaisugua taratibu kati ya viganja viwili, kisha anafungua mikono na kuwaacha dagaa waanguke. Hatazami dagaa. Anatazama kiganja. Kukiwa na mchanga, walianikwa chini ufukweni. Kikibaki na vumbi la magamba tu, walilala kwenye kichanja cha kuanikia. Anavunja mmoja, ananusa, anataja bei. Haifiki dakika. Mwenye gunia anaweza kusimulia mawimbi aliyopigana nayo, taa zilizozimika, mwezi ulioangaza ukawatawanya dagaa, kiganja kimeshasema.

Mhakiki ni huyo, ila amechoka zaidi na halipwi. Mara ya mwisho nilipewa ikisiri 14. Nilizisoma usiku, baada ya kusahihisha mitihani, siku mbili kabla ya tarehe ya kurudisha. Sijivunii, lakini ndivyo ilivyo, na wenzangu wote ninaowafahamu wanafanya hivyo. Nasoma kichwa cha habari, naruka hadi sentensi tatu za mwisho, kisha narudi katikati kutafuta: walipima nini, wangapi, wapi, lini. Kama sivioni, nausugua ule mchanga kiganjani.

Mchanga wenyewe una sura moja maarufu. Ni sentensi isemayo: "Matokeo yatawasilishwa na kujadiliwa wakati wa kongamano." Ukiiandika hiyo, umeniambia kwamba huna matokeo, au unayo na hujayaelewa. Wapo wanaoiandika kwa nia njema kabisa, wakidhani kuficha kunaleta hamu kama tamthilia. Kongamano si tamthilia. Kama uchambuzi haujaisha, andika ulichokwisha kukipata hadi sasa, hata kama ni kidogo, useme ni cha awali. Nitakuheshimu.

Mchanga wa pili nilifundishwa na mama mmoja anayeanika dagaa Igombe. Kazi yangu ilikuwa imeanzia kwenye vichanja vyake, kwa hiyo kabla ya kutuma mara ya pili nilikwenda kumsomea ikisiri, nikiigeuza Kiswahili papo hapo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwalimu. Umekuja na makaratasi yako tena?"

Nikasoma. Alikuwa anageuza dagaa kwa mkono, hakuinua kichwa hadi nilipomaliza.

"Sasa mwalimu, hawa wa kwenye kichanja walipungua mchanga au hawakupungua?"

"Walipungua, mama."

"Mbona hujasema?"

"Nimesema ilionekana tofauti kubwa."

Akacheka. "Tofauti ni neno la mtu anayeficha bei."

Niliandika upya nikiwa nimekaa kwenye mtumbwi uliopinduliwa. "Ilionekana tofauti kubwa" ikatoka. Ikaingia sentensi inayosema nililinganisha mafungu mangapi kutoka mialo mitatu, miezi ipi ya mvua na ipi ya kiangazi, na mchanga ulipungua kwa asilimia ngapi. Utangulizi wa sentensi tano kuhusu umuhimu wa Ziwa Victoria nikaukata ukabaki nusu sentensi. Ndiyo, ni ziwa kubwa kuliko yote Afrika, kilomita za mraba zipatazo 68,800, tunagawana na Uganda na Kenya. Mhakiki wa kongamano la uvuvi anajua. Kila ikisiri ya kanda hii inaanza na ziwa, sangara na gugu maji, na ukisoma ya saba usiku mmoja unatamani lile ziwa likauke kidogo.

Alama zenyewe hutolewa kwenye mfumo wa mtandaoni. Wengi hutumia EasyChair, na mpangilio wake wa kawaida ni kuanzia 3 ya kukubali kwa nguvu, hadi -3 ya kukataa kwa nguvu, sifuri ikiwa katikati. Mhakiki pia hujipima mwenyewe: ana uhakika kiasi gani na anachokisema, kuanzia 1 hadi 5. Hili waandishi wengi hawalijui, na linafariji. Mwenyekiti wa kamati akiona mmoja ametoa -2 huku akikiri fani si yake, na mwingine ametoa 2 naye ni mbobezi, hajumlishi akapata sifuri akakutupa. Anasoma maoni, anawaacha wajadiliane, wakati mwingine anaita mhakiki wa tatu. Ndiyo maana ukiitwa kuhakiki, tafadhali usiandike "kazi nzuri" ukaondoka. Mwenyekiti hana cha kumtetea nacho mwandishi.

Kuhusu kufichana majina. Kuna makongamano ambayo mhakiki anakujua wewe na wewe humjui. Kuna mengine nyote hamjuani. Hili la pili linapendwa kwa haki yake, ila kwetu pazia lake ni jepesi. Watu wanaotafiti dagaa kuanzia Musoma hadi Bukoba tunaenea kwenye hiace moja. Kuna mwaka nilifungua kazi isiyo na jina, nikakutana na picha ya kichanja chenye miguu iliyopakwa rangi ya bluu. Kichanja kile nilikijua. Mwenye kazi alikuwa mwanafunzi wangu wa zamani, na mtihani wake wa mwisho nilikuwa nimeusimamia mimi. Nilimwandikia mwenyekiti sentensi mbili, nikairudisha. Hakuniuliza mengi. Mgongano wa maslahi hautangazwi kwa aibu, unatangazwa mapema tu.

Na wewe mwandishi usilitoboe pazia mwenyewe. Kufuta jina ukurasa wa kwanza hakutoshi. Faili la Word linabeba jina la mwenye kompyuta kwenye taarifa zake za ndani; zifute. Sentensi kama "tulivyoonyesha katika utafiti wetu uliopita" inakutaja waziwazi. Andika kana kwamba utafiti ule ni wa mtu mwingine. Shukrani kwa mfadhili na kwa mkuu wa idara ziweke kando hadi utakapokubaliwa.

Kipimo cha kunakili nacho kinatisha watu bure. Kwa makala kamili, kamati nyingi hupitisha faili kwenye programu kama Turnitin, inayoonyesha asilimia ya maneno yanayofanana na maandishi mengine. Asilimia ile si hukumu. Orodha ya marejeo na maelezo ya mbinu huipandisha. Mimi iliwahi kunipandia vibaya kwa sababu tasnifu yangu mwenyewe ilikuwa kwenye hazina ya maktaba ya chuo. Nikaeleza kwa barua fupi kwamba makala imetokana na tasnifu hiyo, yakaisha. Kinachoua ni aya nzima ya mtu mwingine, haijaguswa hata koma.

Ukikataliwa na wahakiki halali, usijipe hukumu ya milele. Mwaka 2014 kongamano kubwa la ujifunzaji wa mashine, NIPS, sasa linaitwa NeurIPS, lilijipima lenyewe: makala 166 zikapelekwa kwa kamati mbili zisizojuana. Kwenye makala 43, kamati moja ilikubali na nyingine ikakataa. Zaidi ya nusu ya zilizokubaliwa na kamati moja zilikataliwa na ya pili. Hao ni watu wenye fedha, mifumo na wahakiki tele. Soma maoni, rekebisha yanayorekebishika, tuma kwingine. Kazi yangu ya vichanja ilikubaliwa mahali pa tatu.

Kinyume chake ndicho kinachonitia hofu: kukubaliwa haraka. Ukipata mwaliko unaokuita "profesa mashuhuri" na wewe ndiyo kwanza umemaliza shahada ya pili, kongamano linapokea uhandisi, biashara, uuguzi na theolojia kwa pamoja, jibu limekuja ndani ya siku mbili bila maoni hata ya mstari mmoja, kisha namba ya akaunti ya dola, kimbia. Mwaka 2005 wanafunzi wa MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani, walitengeneza programu iitwayo SCIgen inayotunga makala za kompyuta zisizo na maana yoyote, wakaituma moja kongamanoni, ikakubaliwa. Mwaka 2014 wachapishaji Springer na IEEE waliondoa zaidi ya makala 120 zilizotungwa na programu hiyohiyo. Mwenzangu mmoja alilipa ada ya mkutano wa aina hiyo kwa mkopo wa saccos. Alipofika, ukumbi ulikuwa na watu kumi na mmoja na vipaza sauti viwili.

Saa za mwisho wa kutuma nazo zina mtego. Ukiona AoE (Anywhere on Earth, popote duniani) pembeni ya tarehe, maana yake siku haijaisha hadi iishe mahali pa mwisho kabisa duniani, na sisi tuko mbele ya pale kwa saa 15. Usiku wao wa manane ni saa tisa alasiri yetu, kesho yake. Iliniokoa mwaka ambao umeme ulikatika usiku kucha. Lakini kama haijaandikwa hivyo, usibahatishe.

Halafu kuna kukubaliwa ukashindwa kwenda, jambo ambalo huku kwetu linatokea mara nyingi. Msemaji asiyejisajili kabla ya tarehe iliyowekwa huondolewa kwenye ratiba kimyakimya. Omba msamaha wa ada siku ileile unayopata barua ya kukubaliwa, kwa sababu fungu la msamaha ni dogo na wanaotangulia ndio wanaokula. Mimi niliandika aya moja: nilichokubaliwa kuwasilisha, mshahara wangu unaishia wapi, chuo kinalipa nauli lakini hakilipi ada. Wakanisamehe nusu.

Walinipa bango, yaani karatasi kubwa ya kubandika utafiti wako ukutani, badala ya kuzungumza jukwaani. Mwanzoni nilinuna. Lakini jukwaani unapewa dakika kumi na mwenyekiti anakutazama na saa; kwenye bango watu walisimama wakaniuliza mambo kwa saa nzima, na mmoja wao akataka mchoro wa kichanja. Bango nililichapisha mjini, na kwa kuwa basi la Dar halimhurumii mtu, fundi bomba wa mtaani kwetu alinikatia bomba la PVC la inchi tatu na vifuniko viwili. Lilifika bila kunjo. Hilo bomba bado ninalo, nyuma ya mlango wa ofisi. Ukipata bango njoo ulichukue, ila vifuniko virudi vyote viwili.