Kupiga simu bila taarifa siku hizi ni kosa?

Mleta mada umeuliza kwa nini ukimpigia mtu ghafla anaiacha simu iite mpaka ikatike, halafu dakika hiyohiyo anakuandikia "niambie". Wachangiaji wengi wamemtetea huyo asiyepokea, kwamba kupiga bila kutanguliza ujumbe ni kumvamia mtu. Mimi nimekaa pande zote mbili, kwa hiyo mnivumilie nijibu kwa urefu kidogo.

Nusu nakubaliana nao. Simu inayoita inadai jibu sasa hivi, haijali kama uko bafuni, kikaoni au umetoka kugombana na mtu. Enzi za simu ya mezani ulikuwa unaipigia nyumba: anapokea yeyote aliye karibu, na ambaye hayupo hayupo, hakuna wa kumlaumu. Leo unapigiwa wewe mwenyewe, popote ulipo, na mpigaji anajua fika kwamba simu iko mfukoni mwako. Watu wamechoka kupatikana. Sioni kiburi hapo.

Ila wanaosema ujumbe ndio ustaarabu kwa sababu "mtu anajibu akipata nafasi" wanazungumzia dunia iliyopita. SMS ya kwanza, tarehe 3 Desemba 1992, aliituma mhandisi Neil Papworth kwa kompyuta, akamtakia mwenzake Krismasi njema, na simu iliyoipokea haikuwa hata na uwezo wa kujibu. Miaka mingi baada ya hapo tuliendelea vivyo hivyo: unabana maneno yako ndani ya herufi 160, unatuma, unarudi kwenye shughuli zako. Kasoma? Hajasoma? Hukujua, na ukimya wake ungeweza kuwa na sababu mia: chaji imekwisha, mtandao hakuna, kalala.

Novemba 2014 WhatsApp wakaleta tiki za bluu. Tangu hapo ukimya umebaki na tafsiri moja tu: kaona, kanichunia.

Ndugu zangu wawili waliwahi kununiana kwa sababu hiyo. Mmoja kaandika ujumbe mrefu wenye dukuduku la siku nyingi. Mwenzake kaufungua akiwa anashuka kwenye basi na mizigo, akaona hili si jambo la kujibu nimesimama, nitatulia jioni nijibu vizuri. Yaani kwa heshima kabisa! Lakini tiki zilishageuka bluu, na jioni ilipofika shauri lilikuwa limeshafika kwa shangazi. Nilichofanya ni kumlazimisha mmoja ampigie mwenzake. Hawakumaliza hata salamu, wakaanza kuchekana.

Ndiyo maana sikubali kwamba ujumbe umetupunguzia presha. Simu ilikuwa inakudai mara moja, inakatika, basi. Ujumbe unakudai mchana kutwa, tena na watu kumi kwa pamoja. (Na anayetuma ujumbe wa sauti wa dakika saba halafu anasema hapendi kuongea kwa simu, huyo mimi kanishinda. Nashukuru tangu 2021 tunaweza kuusikiliza kwa kasi mara mbili.)

Kwangu tiki nimezizima, na ile ya kuonyesha nilikuwa hewani saa ngapi pia. Gharama yake ni kwamba na wewe huzioni za wenzako, na kwenye magrupu bado zinaonekana, huko hakuna pa kujificha. Watu wangu wa karibu wanajua kwamba meseji najibu jioni. Kama jambo ni la haraka, piga mara mbili mfululizo. Ya kwanza naweza kuiacha, ya pili naacha ninachofanya. Wazee sijawawekea masharti, wao wakipiga napokea. Na ukiniandikia, tafadhali usiseme "mambo" kisha ukasubiri niitikie ndipo utoe shida. Weka salamu na shida humohumo.

Sasa lile swali lako la pili, kwa nini mtu akipokea anaanza na "kuna nini?" kwa sauti ya woga. Mkuu, ni kwa sababu mambo mazuri yote tumeyahamishia kwenye maandishi na picha, simu tukaiachia misiba, ajali na madeni. Ikiita lazima moyo upige. Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni kupiga wakati ambao huna shida yoyote. Nina rafiki nilianza kumpigia hivyo nikiwa natembea kurudi nyumbani. Mwanzoni kila mara alikuwa anauliza kama niko salama, mara nyingine anasubiri niombe hela. Siku hizi anapokea na kuanza kumsema bosi wake kabla sijafungua mdomo.