Watu sita, gari moja, Chalbi hadi Sibiloi: inawezekana?

Swali

Mimi ni mwelekezi wa watalii, makao yangu ni Nanyuki. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwapeleka wageni Samburu, Ol Pejeta na Meru. Sasa nimepata familia ya watu sita wanaotaka safari ya siku nane: Marsabit, jangwa la Chalbi, Mbuga ya Kitaifa ya Sibiloi kando ya Ziwa Turkana, kisha Loiyangalani na kurudi nyumbani. Wamependekeza katikati ya Aprili, shule zikiwa zimefungwa. Nina Land Cruiser moja iliyorefushwa, viti saba vya wageni, iko katika hali nzuri. Je, gari moja latosha? Nibebe maji kiasi gani? Na upepo wa tairi niupunguze mpaka wapi?

Jibu

Ndugu yangu, gari moja halitoshi, na Aprili haifai. Nakwambia hivyo mapema kwa sababu najua kazi hii inavyopatikana kwa shida, na mtu akishapokea malipo ya kwanza ni vigumu kurudi nyuma. Ngoja nikuonyeshe hesabu ili uweze kuwaeleza wageni wako bila kuyumba.

Samburu ulizoea kuhesabu viti. Huko unakokwenda kinachohesabiwa ni kilo. Tukadirie safari yako hivi: siku ya kwanza unalala Marsabit, ya pili Kalacha, ya tatu unapitia North Horr hadi Alia Bay ndani ya Sibiloi, ya nne mko Koobi Fora, ya tano mnateremka Loiyangalani. Loiyangalani kuna chemchemi ya maji yasiyo na chumvi, na mji wenyewe uliota kuizunguka. Kati ya Marsabit na hapo, jihesabie kwamba hakuna maji ya kutegemea. Visima na chemchemi za Kalacha na North Horr zipo, ila ni za Wagabra na ngamia wao. Ukihitaji utaomba kwa wazee, nao hawana desturi ya kumnyima msafiri, lakini mtu anayewaongoza wageni waliolipa hapangi safari yake juu ya maji ya mfugaji.

Basi ni siku nne, na uongeze mbili za akiba, maana gari likizama au laga, yaani mto wa msimu, ikijaa, utalala pale pale ulipo. Kila mtu mpe lita 10 kwa siku: karibu lita 6 za kunywa, zinazobaki ni za kupikia, vyombo na kunawa uso. Wageni sita, wewe na mpishi ni watu wanane. Nane mara kumi mara siku sita ni lita 480, ambazo ni kilo 480. Watu wanane kwa wastani wa kilo 75 ni kilo 600. Hapo umefika kilo 1,080 na hujapakia hema, chakula, mitungi ya gesi, mizigo ya wageni, tairi ya spea ya pili wala dizeli ya ziada. Ukivijumlisha hutakosa kuvuka kilo 1,350.

Land Cruiser ya kazi inapotoka kiwandani hubeba takriban tani moja. Mwili uliorefushwa, paa la kufunguka, friji na bampa ya chuma vyote vinakatwa humo humo. Usinisadiki mimi: jaza tangi, lipeleke gari tupu kwenye mizani, kisha toa uzito huo kwenye uzito wa juu ulioandikwa na mtengenezaji kwenye kibandiko. Namba utakayopata ndiyo haki yako ya kupakia. Gari lililozidishiwa mzigo halikuambii kitu kwenye lami ya Isiolo hadi Marsabit. Litakuambia kwenye mawe, springi zitakapokatika, au kwenye mchanga litakapokaa kwa tumbo.

Ukichukua magari mawili, watu wanakuwa kumi, kwa sababu utahitaji dereva wa pili na mtu wa eneo lenyewe. Maji yanakuwa lita 600, yaani 300 kila gari. Watu watano ni kilo 375. Ongeza kama kilo 90 za dizeli ya nje ya tangi na kilo 150 za vifaa, unafika 915 kwa gari. Inawezekana, lakini angalia ilivyobana. Ndiyo maana mimi huwaambia wenzangu kwamba wageni sita kwa magari mawili ndio upeo wa kundi la jangwani. Ukimwongeza wa saba umeongeza gari la tatu. Maji yenyewe yagawe kwenye madumu ya lita 20 na uyaweke katika magari yote mawili. Tangi moja kubwa likipasuka mmekwisha, tena maji yakitikisika ndani yake gari huyumba.

Kuna jambo moja la maji ambalo wageni watakuuliza wakiliona ziwa limetanda mbele yao, zuri la rangi ya kijani: je, hayanyweki? Ziwa Turkana ndilo ziwa kubwa kuliko yote duniani lililo jangwani na lisilokauka. Sehemu kubwa ya maji yake, karibu asilimia 90, huletwa na mto Omo kutoka Ethiopia, na hakuna mto unaotoka. Maji yanaondoka kwa mvuke tu, chumvi inabaki. Yana magadi na floridi nyingi, na madhara yake yameonekana kwenye meno na mifupa ya Waelmolo, ambao wameyanywa vizazi na vizazi kwa kukosa mengine. Kuyachemsha hakusaidii, kwa kuwa moto huua vijidudu, chumvi na floridi huziacha palepale na kuzikoleza zaidi. Chujio la kawaida la mkaa nalo haliziondoi. Yatumie kuoshea sufuria.

Dizeli: kituo cha mafuta cha kuaminika ni Marsabit. Mbele ya hapo utapata mafuta ya dumu, bei ya mwenye dumu na usafi wa mwenye dumu. Mzunguko wako ufanyie hesabu ya kilomita 800 na lita 20 kwa kila kilomita 100, kwa kuwa kwenye mchanga na gia ndogo matumizi hupanda. Hizo ni lita 160. Ongeza robo, ufike 200 kwa kila gari, tangi likiwa limehesabiwa. Kama itakulazimu kununua ya dumu, chuja kwa kitambaa na beba chujio la dizeli la akiba.

Sasa tairi. Hapa huwa hakuna namba moja, kwa sababu njia yako ina ardhi za aina tatu na kila moja inataka upepo wake. Tuseme kwenye lami, ukiwa na mzigo, unajaza PSI (kipimo cha upepo wa tairi) 35 mbele na 50 nyuma. Ukiiacha lami baada ya Marsabit na kuingia kwenye changarawe, shuka hadi 28 na 38. Chalbi yenyewe ikiwa kavu ni uwanda mgumu wa chumvi, sakafu ya ziwa la kale, na upepo huo huo unatosha. Hatari yake ni mwendo, kwa maana macho hayaoni kitu cha kupima kasi na mazigazi yanakudanganya kwamba mbele kuna maji. Kaa kwenye njia iliyokwisha kukanyagwa. Ukitoka kando kwa ajili ya kupiga picha, ganda la juu linaweza kuvunjika na chini yake kuna tope.

Kwenye mchanga mzito na kwenye laga, punguza hadi 20 mbele na 25 nyuma, usizidi kilomita 40 kwa saa, wala usikate kona kwa ghafla. Ukizama kabisa shuka hadi 15, toka taratibu, kisha ujaze tena. Kosa kubwa la wageni wa jangwa ni kukanyaga mafuta gari likizama. Tairi inajichimbia kaburi. Zima, shusha abiria, chukua sepetu, toa mchanga mbele ya tairi zote nne, tandika ngazi za mchanga, yaani vile vibao vya kuwekwa chini ya tairi. Ukivutwa na gari la pili, kamba ifungwe kwenye kulabu iliyoshikwa na chasisi. Usiifunge kamwe kwenye kile kichwa cha kuvutia trela: kikikatika huruka kwa nguvu ya risasi na kimeshaua watu sehemu nyingi duniani.

Halafu ukikaribia Loiyangalani yanakuja mawe meusi ya volkeno, na huko upepo mdogo ni adui. Tairi laini hutoa ubavu nje, jiwe likaupasua, na ubavu haushonwi. Jaza tena hadi 30 na 40, tembea polepole, chagua pa kukanyaga. Kwa hiyo kompresa si anasa. Kila gari liwe na spea mbili, viraka, na kipimo cha upepo unachokiamini. Pima alfajiri tairi zikiwa baridi. Mchana joto litapandisha namba, na ukishawishika kupunguza wakati huo utaamka na tairi zilizolala.

Ratiba ya siku pia ibadilike. Ufukweni joto hupita nyuzi 35 mara nyingi. Anza safari saa kumi na moja na nusu alfajiri, simama kivulini kuanzia saa tano hadi saa tisa. Beba pakiti za chumvi na sukari za kuongeza maji mwilini, na uwe unawaangalia wageni usoni: mtu aliyechanganyikiwa maneno na ngozi yake inawaka moto hapewi dawa ya kichwa, anapozwa papo hapo kwa maji mwili mzima na upepo, ndipo mambo mengine yafuate. Kati ya miji hiyo midogo hakuna mtandao wa simu. Kodi simu ya setilaiti, wakatie wageni bima ya ndege ya kubebea wagonjwa, na weka kwenye daftari viwanja vya ndege vya North Horr, Loiyangalani na Alia Bay.

Pepo za Turkana zina nguvu kiasi kwamba karibu na Loiyangalani pamejengwa mitambo 365 ya kufua umeme. Huvuma zaidi usiku hadi asubuhi. Hema jepesi la fito nyembamba litavunjika usiku wa kwanza, hivyo egesha magari mawili yawe ukuta, piga hema nyuma yake, pika kwa gesi. Na ziwani usimpandishe mgeni mashua asubuhi upepo ukiwa mkali, hata akikusihi. Mwaka 1934 watu wawili wa msafara wa mwanajiolojia Vivian Fuchs walivuka kwenda Kisiwa cha Kusini na hawakuonekana tena.

Kuhusu Sibiloi yenyewe, waandae wageni wako. Ilitangazwa kuwa mbuga mwaka 1973, ina kilomita za mraba 1,570, na wanyama wapo, punda milia na choroa na mamba wengi, lakini si mahali pa kuhesabu simba kama walivyoona kwenye picha za kwingine. Utajiri wake uko chini ya miguu. Mwaka 1972, Koobi Fora, Bernard Ngeneo wa kikosi cha mtafiti wa visukuku Richard Leakey aliona vipande vya fuvu linaloitwa 1470, la binadamu wa kale wa miaka milioni 1.9 hivi. Kuna miti iliyogeuka mawe, kuna gamba la kobe mkubwa wa kale. Hapo ndipo udogo wa kundi unapolipa. Watu sita wanatembea nyuma ya mtu mmoja, wanasikia anachosema, na unaona mikono yao wote. Visukuku vinalindwa na sheria ya mwaka 2006 ya makumbusho na turathi, hata kijiwe kimoja hakitiwi mfukoni. Waambie kabla hawajashuka garini, hasa watoto.

Yule mtu wa eneo niliyemtaja usimkate kwenye bajeti. Atajua laga ipi imejaa, njia ipi ya ufukweni imemezwa na maji ambayo yamepanda miaka hii ya karibuni, na wapi kuna fununu ya wizi wa mifugo. Alama za GPS za zamani hazijui hayo. Kabla ya kuondoka Marsabit pita kwa polisi na kwa ofisi ya KWS (Shirika la Wanyamapori la Kenya), uache majina, namba za magari na siku unayotarajiwa kutokea Loiyangalani.

Nimalizie na Aprili. Masika ya kaskazini hunyesha Machi hadi Mei. Ni mvua chache, lakini Chalbi haihitaji nyingi: ikinyesha kwenye milima ya Huri au Marsabit, uwanda unageuka tope chini ya anga safi, na hata trekta halikutoi. Waulize kama Agosti itawafaa, shule hufungwa pia, na huo ni wakati mkavu. Wakikataa kubadilisha tarehe, au wakikataa gharama ya gari la pili, wapeleke Samburu na Shaba kisha upande nao hadi Marsabit kwa lami. Gari lako moja linatosha kabisa kwa hilo. Mbuga ya Marsabit ni msitu wa ukungu juu ya jangwa, ndiko alikoishi Ahmed, tembo aliyelindwa kwa amri ya Rais Kenyatta hadi alipokufa mwaka 1974. Ila ndani ya msitu, mvua ikinyesha, barabara za udongo huteleza sana, kwa hiyo beba minyororo ya tairi na uulize walinzi langoni ipi imefunguliwa siku hiyo.