"Hana Neno Huyo!"

Mwezi huu barua tatu zimenijia, na zote tatu ni za watu waliokuwa na mbwa wao mkononi wakavamiwa na mbwa wasiofungwa. Nimekaa miaka mingi nikiitwa bwana mifugo, kwanza Makunduchi kisha mashamba ya Kati, na kwa miaka yote hiyo walioniuliza habari za mbwa ni wachache mno kuliko walioniuliza ng'ombe na mbuzi. Basi leo ng'ombe wasubiri.

*Mzee, shikamoo. Mimi ni mlinzi wa nyumba ya mgeni hapa Jambiani. Mwenyewe aliporudi kwao aliniachia mbwa wake, dume wa miaka minne, anaitwa Bosi, ana chanjo zote. Kila asubuhi namtembeza pwani kwa kamba. Kuna mbwa watatu wa nyumba ya wageni ya jirani, hawafungwi, na kuna koko wanaolala chini ya ngalawa. Wakimuona Bosi tu wanakuja mbio. Mwenye wale watatu hukaa barazani na kikombe chake cha chai akanipigia kelele kutoka huko huko: "Usiogope, hana neno huyo!" Juzi huyo asiye na neno kamtoboa Bosi sikio. Sasa natembea na gongo, lakini naona Bosi ndiyo amezidi. Hata akiona mbwa yuko mbali ananguruma. Nifanyeje?*
*Mlinzi, Jambiani*

Marahaba, mwanangu. Nianze na gongo. Liache nyumbani. Najua linakupa moyo, lakini hebu litazame kwa macho ya Bosi. Kila wakitokea mbwa, wewe unakaza kamba, pumzi inakupanda, mkono unakwenda juu na gongo. Habari yote hiyo inashuka kwenye kamba mpaka shingoni mwake. Yeye hajui kuwa gongo ni la wale. Anachojua ni kuwa mbwa wakija, bwana wangu anaharibikiwa na mimi nabanwa roho. Kwa hiyo siku ya tatu anaanza kunguruma mapema ili wasifike. Hajawa mkali, amekuwa mwoga mwenye sauti.

Kuna jambo jingine watu hawalitazami. Mbwa wawili walio huru hawaendi uso kwa uso. Huja kwa kuzunguka, kama mtu anayepita uani asiingie mlango mkubwa, wakanusana ubavuni na nyuma, kisha kila mmoja akaamua. Mbwa aliyefungwa kamba fupi hawezi hayo. Unamsimamisha kifua mbele, shingo juu, macho kwa macho, na kwa lugha yao hayo ni matusi. Wale huru wanayajibu. Basi ukiwaona, usiendelee moja kwa moja wala usigande. Pinda. Chora upinde mkubwa kuelekea majini au kuelekea minazini, kamba ikiwa fupi lakini imelegea, na wewe uwe upande wa wale mbwa, Bosi upande wa pili wa miguu yako.

Ili upinde uwezekane lazima uwe na nafasi, na Mwenyezi Mungu amewapa watu wa Jambiani nafasi ambayo sisi wa mjini hatuna. Maji yakikupwa pwani hiyo unakuwa uwanja. Maji yakijaa unabaki ukanda mwembamba kati ya bahari na kuta za mahoteli, na humo ndimo mnamogongana. Sasa wewe unatoka kwa saa ya mkononi, ilhali ungetoka kwa saa ya bahari. Siku za bamvua, mwezi mpya na mwezi mpevu, maji huwa yamekauka kama saa nne asubuhi, kwa hiyo ukitoka saa moja na nusu au saa mbili unakuta yameshaanza kukupisha. Siku za maji mafu, katikati ya bamvua mbili, hesabu inageuka; waulize wavuvi, au waulize kina mama wa mwani, wao wanajua kuliko mimi. Na kwa kuwa nimewataja: usimpitishe Bosi katikati ya vigingi vyao na kamba za mwani. Utapata kesi ya pili kabla ya kumaliza ya kwanza.

Tazama na upepo. Msimu wa kusi, anza safari kwa kuelekea kusini, upepo ukupige usoni. Harufu yenu inabaki nyuma, na Bosi ndiye atakayewanusa wale kabla wao hawajamnusa. Masikio yake yakisimama na mkia ukikakamaa, umeshaletewa taarifa; pinda hapo hapo, usingoje kuwaona. Kaskazi ikiingia, anza upande wa pili.

Pamoja na hayo, iko siku watakuja tu. Hapo usikimbie, maana ukikimbia umekuwa windo. Simama, mweke Bosi nyuma yako, nyoosha mkono kiganja kikiwatazama wao, sema "Toka!" mara moja, sauti nzito ya kifuani. Sauti nyembamba ya kurudiarudia inawapandisha mori. Koko wa chini ya ngalawa ni wepesi: inama kama unaokota jiwe. Huna haja ya jiwe. Mbwa aliyekulia mitaani kwetu ameyajua mawe tangu utotoni, na mkono wako haujafika mchangani yeye keshageuka. Nimefanya hivyo maisha yangu yote na sijarusha hata moja.

Lakini wale watatu wa barazani hawajawahi kurushiwa jiwe. Ukiinama watadhani unataka kucheza. Hao dawa yao ni dagaa. Tia konzi ya dagaa wakavu kwenye karatasi ya gazeti, weka mfukoni (utanuka, vumilia), na wakiwa hatua kumi hivi warushie chini mbele ya pua zao, dagaa watawanyike. Wakiinamisha vichwa, wewe na Bosi mpinde mwende zenu. Wengine wataniambia ninawafundisha mbwa wa watu kukufuata. Huenda. Afadhali mbwa anayekufuata kwa njaa kuliko anayekufuata kwa vita. Mwavuli nao ni kitu kizuri, ukiufungua ghafla mbele yao wanarudi nyuma, ila mzoeshe Bosi kwanza uani, asije akawa yeye wa kwanza kukukimbia.

Na wakishikana? Nina kovu kwenye kidole cha shahada cha mkono wa kulia, la tangu niko kijana Makunduchi, nilipotia mkono shingoni kuwaamua mbwa wawili. Aliyeniuma alikuwa wangu mwenyewe. Hakujua ni mimi, katika ugomvi mbwa anauma kinachokuja. Usitie mkono karibu na kichwa, kabisa. Ndoo ya maji usoni huwaachanisha mara nyingi, na wewe uko pwani, hata kufuu la nazi litakutekea. Mkiwa watu wawili, kila mmoja amshike wake kwa miguu ya nyuma, kwenye mapaja, amwinue kama toroli na kumvuta kinyumenyume, wote kwa wakati mmoja. Ukivuta mmoja peke yake, mwenzake anampata vizuri. Baadaye mpapase Bosi mwili mzima kwa vidole, ukifukua manyoya. Jino linaacha tundu dogo juu na usaha mwingi chini. Na kwa lile sikio, hata kama chanjo yake ya kichaa haijaisha muda, mpeleke kwa daktari wa mifugo arudiwe.

Sasa huyu jirani wa chai. Usijibizane naye kwa mbali huku Bosi anavuta. Akisema hana neno, mjibu: "Wako hana neno, wangu analo," kisha upite. Maneno hayo yanafanya kazi kwa sababu ni ya kweli na hayamtukani mbwa wake. Halafu nenda kwake baada ya laasiri, bila Bosi, bila gongo. Salimu, kaa, unywe hicho chai akikupa. Mwoneshe picha ya sikio. Muulize kadi za chanjo za wale watatu, kwa upole, kama mtu anayeuliza hali ya watoto. Usimwombe awafunge daima, hatakubali. Muombe saa moja tu ya asubuhi awazuie ndani ya geti, na wewe umwambie jana yake utapita saa ngapi. Nimewahi kupatanisha watu watatu kwa saa moja hiyo hiyo. Akikataa, hapo ndipo uende kwa sheha, kiongozi wa mtaa, na uende na tarehe ulizoandika na risiti ya daktari, usiende na hasira peke yake.

Bosi mwenyewe mrudishe polepole. Kila akiona mbwa wa mbali na bado hajanguruma, mpe kipande cha kitu anachokipenda. Mbwa akatokea, chakula kikatokea. Wiki tatu, nne za hivyo, utaanza kuona akitupa jicho kwa yule mbwa kisha anakugeukia wewe kudai chake.

*Bwana, asalaam alaykum. Niko Wete. Mwanangu wa darasa la sita hutembeza mbwa wetu jioni kwenda bondeni. Jana mbwa wa wasasi, wamefunguliwa baada ya kusaka nguruwe, wakamvamia mbwa wetu. Mtoto akaingia kati, mmoja akampitisha jino mguuni. Ni mchubuko tu, umetoka damu kidogo. Jirani amesema nipake mafuta ya taa. Mbwa aliyeng'ata anajulikana mwenyewe. Je, inahitaji hospitali?*
*Mama wa watoto wanne, Pemba*

Waalaykum salaam, dada. Nilikupigia simu siku ile ile, na nimefurahi kuwa mlikwenda. Ninaandika hapa kwa ajili ya watakaosoma wakiwa na mchubuko wao.

Hospitali, siku hiyo hiyo, hata kama ni mkwaruzo uliotoa tone moja. Kichaa cha mbwa hupita kwenye mate, na mate hayahitaji kidonda kikubwa. Mtu akishaanza kuonesha dalili, karibu hakuna anayepona. Akipata chanjo mapema kabla ya dalili, anapona. Hakuna ugonjwa mwingine ninaoujua ambao mstari wake umenyooka namna hiyo. Kabla ya kutoka nyumbani, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Tazama saa, maana dakika 15 za kuosha ni ndefu kuliko unavyodhani. Mafuta ya taa, pilipili, majivu, vyote viache jikoni. Na sindano si moja: utapewa tarehe za kurudi, zote uziheshimu, hata mtoto akiwa anacheza mpira.

Mbwa mwenyewe msimuue. Afungwe mahali salama, apewe chakula na maji, atazamwe siku 10, na bwana mifugo ajulishwe. Akiwa mzima baada ya siku hizo, mate yake hayakuwa na kichaa siku ile alipouma. Akibadilika, akadondosha mate, taya likalegea, sauti ikakauka, akashambulia bila kubweka, msimkaribie, mwite ofisa mara moja. Lakini usisubiri siku 10 ndipo umpeleke mtoto. Mtoto anaanza, mbwa anatazamwa, mambo mawili yanakwenda pamoja.

Watu wa Pemba mna sababu ya kulishika hili kuliko sisi. Kwa kampeni za chanjo za kisiwa kizima kichaa kilikatika kwenu mwaka 2014. Mwishoni mwa 2016 kikaingia tena, kikatesa watu, na kampeni ziliporudishwa kikakatwa tena 2018. Mbwa wa wasasi ndio wanaokwenda mbali na kukutana na kila kitu, na ndio ambao wenye mbwa huwaona hawana haja ya sindano kwa sababu ni "mbwa wa kazi". Zungumzeni nao. Mbwa wa kuwinda tumeruhusiwa na dini yetu, na chanjo haimpunguzii mbio.

*Mzee wangu, jike wangu nikimtoa tu mtaani hapa Mwanakwerekwe anafuatwa na madume saba. Ijumaa iliyopita mmoja kamgusa jirani kanzu kwa pua, na jirani ananidai mimi. Mbwa si wangu!*
*Kijana wa Mwanakwerekwe*

Mbwa si wako, lakini harufu ni yako. Huyo jike yuko kwenye siku zake, na hakuna kamba wala dagaa itakayomzuia dume. Mzuie ndani ya ua wiki tatu hivi, haja zake azimalizie humo, na usiku usimwache nje, maana ukuta kwao si kitu. Kisha zungumza na daktari wa mifugo habari ya kumfunga kizazi, la sivyo miezi sita ijayo utaniandikia barua hii hii.

Ama kanzu, mimi ni mtu wa mifugo, masuala ya twahara nayaacha kwa masheikh. Tulivyofundishwa chuoni sisi Mashafii ni kuwa kikavu kikigusana na kikavu hakuna kitu, lakini pua ya mbwa haiwi kavu, kwa hiyo jirani yako ana haki ya kufua mara saba, mojawapo kwa udongo. Mpelekee sabuni na ndoo ya udongo safi, umwombe radhi kwa ajili ya madume ya watu. Na Ijumaa ijayo mbwa wako asitoke kati ya saa tano na nusu na saa saba na nusu, hata kama siku zake zimekwisha.