Kocha mgeni, siku ya mechi usifundishe

Ukikabidhiwa timu ya watoto kwenye klabu, karatasi ya kwanza utakayopewa ni ratiba ya mechi, na akili itakimbilia kwenye mfumo: mabeki wangapi, nani acheze namba tisa, nani apige kona. Hayo yaweke kando kwanza. Kwa miaka niliyosimama kwenye mstari wa pembeni, nimeona mechi nyingi za mwisho wa wiki zikiharibika kabla hata kipyenga hakijalia, na nimeona makocha wengi wakijaribu kufundisha mpira ukiwa unachezwa. Hawafundishi chochote, wanapiga kelele tu. Kufundisha kuna siku zake za mazoezi. Siku ya mechi una kazi mbili: watoto wawe salama, na kila mmoja apate dakika zake uwanjani.

Kazi inaanza katikati ya wiki. Tuma ujumbe kwa wazazi mapema, uwe mfupi: uwanja gani, saa ya kufika, rangi ya jezi, na mtoto aje na nini. Nimesema saa ya kufika. Ukiandika saa ya mechi, nusu ya timu itatokea refa akiwa ameshasimama katikati ya uwanja na sarafu mkononi. Mwombe kila mzazi athibitishe kwa kutaja jina la mtoto wake, maana "tupo" ya kwenye kundi la simu haikuambii ni nani yupo. Mechi ya 11 kwa 11 haiwezi kuanza ikiwa timu moja ina wachezaji pungufu ya 7. Kwenye mechi za 5, 7 au 9 kila ligi ina kiwango chake, nawe ukijue chako kabla ya kuanza kuhesabu vichwa asubuhi.

Kanuni za ligi yako zisome zote, hata kama umecheza mpira tangu utotoni. Sheria za soka ni 17, lakini IFAB, bodi inayozitunga, inaviruhusu vyama vya soka vya nchi kulegeza mambo kadhaa kwa mechi za vijana: ukubwa wa uwanja, mpira na goli, muda wa mchezo, na ruhusa ya mchezaji aliyetoka kurudi tena uwanjani. Halafu kuna mabadiliko ya miaka ya karibuni ambayo kocha mgeni huyasikia kwa mara ya kwanza kutoka kwa refa. Tangu 2019, mpira wa golikiki unahesabika uko mchezoni mara tu unapopigwa na kusogea, hausubiri kutoka nje ya eneo la penalti, na mabeki wako wanaruhusiwa kuupokea humo ndani. Tangu msimu wa 2025/26, kipa akiushika mpira mikononi kwa zaidi ya sekunde 8, wapinzani wanapewa kona. Uliza kama ligi yako inayatumia yote mawili, kisha yafanyieni mazoezi.

Vifaa sitavikalia sana. Sheria inamtaka mchezaji awe na jezi, bukta, soksi, viatu na vikinga ugoko, na soksi zifunike vikinga. Ila kuna hereni. Kila msimu kuna mtoto aliyetoboa masikio wiki hiyo hiyo, na mzazi wake anakuja na plasta akidhani akizifunika inatosha. Haitoshi. Sheria inakataza vito vyote, na inasema wazi kwamba kuvifunika kwa plasta hakuruhusiwi. Refa akimkatalia atakuwa sahihi, na mtoto atalia. Waambie wazazi mwanzoni mwa msimu kwamba masikio yatobolewe ligi ikimalizika. Kuhusu mpira wenyewe: namba 5 una mzingo wa sentimita 68 hadi 70 na uzito wa gramu 410 hadi 450, na ni wa vijana wakubwa. Wadogo wanatumia namba 4, na wadogo zaidi namba 3. Ukiwapa wa miaka minane mpira namba 5 kwa sababu ndio uliopo stoo, usiwashangae wakipiga kwa ncha ya kiatu.

Fika uwanjani kabla ya watoto. Tembea uwanja mzima kwa miguu ukitazama chini: vioo, mawe, mashimo, vichwa vya mabomba. Kisha nenda kwenye magoli na uyasukume kwa mikono yako miwili. Magoli yanayohamishika lazima yafungwe imara ardhini, hilo ni sharti la sheria ya kwanza kabisa ya soka. Watoto wamewahi kufa katika nchi mbalimbali kwa kuangukiwa na goli, mara nyingi wakiwa wananing'inia tu kwenye mtambaa panya kabla ya mechi. Goli likitikisika na hakuna cha kulifungia, mechi haichezwi. Wenyeji watakuambia "mbona tumecheza hapa siku zote". Waache waseme.

Kupasha misuli, tumia programu ya FIFA 11+ Kids, iliyotengenezwa kwa watoto wa miaka 7 hadi 13. Inachukua dakika 15 hadi 20: kuruka na kutua kwa magoti yaliyokunjwa, kusimama kwa mguu mmoja, kujiviringisha ukianguka. Majaribio makubwa yaliyofanywa kwenye vilabu vya nchi kadhaa za Ulaya yalionyesha majeraha yakipungua kwa takriban nusu. Kuwazungusha watoto uwanja mara mbili kisha kuwapanga foleni wapige mashuti kwa kipa ambaye bado hajapata joto ni desturi mbaya, na utaiona kila mahali.

Sasa tuje kwenye dakika, maana hapa ndipo timu za watoto zinapovunjika. Kocha anaanza na nia njema kwamba wote watacheza. Kipindi cha pili matokeo yanakuwa sare, zimebaki dakika kumi, na wale watatu wa benchi anawasahau. Hana ubaya wowote, macho yake yako kwenye mpira. Dawa yake ni kupanga mabadiliko yote kwenye karatasi jioni ya kabla ya mechi, wakati moyo umetulia.

Chukua timu ya 7 kwa 7 yenye watoto 10, mechi ya dakika 40, na ligi inayoruhusu mchezaji kutoka na kurudi. Kipa mmoja abaki golini. Wanabaki 9 wa kugombea nafasi 6. Wagawe makundi matatu ya watu watatu watatu: A, B na C. Kila kipindi cha dakika 20 kigawe vipande vitatu, dakika 7, 7 na 6. Kipande cha kwanza A wanapumzika, cha pili B, cha tatu C, na kipindi cha pili unarudia hivyo hivyo. Mwisho wa mechi A na B wamecheza dakika 26, C wamecheza 28. Hakuna mzazi atakayekuja na malalamiko, na akija unamwonyesha karatasi. Wiki inayofuata C ndio wanaanza benchi.

Ugumu uko kwenye kuyapanga makundi yenyewe. Usiwaweke watatu dhaifu pamoja, utakuwa umejitengenezea dakika 7 za mateso kila kipindi. Kila kundi liwe na mmoja anayeweza kukaba, mmoja anayeutuliza mpira, na mmoja mwenye mbio. Wale wawili wanaogombana kila mazoezi wapangie makundi tofauti, au kundi moja, kulingana na ugomvi wao ni wa namna gani. Na kipa usimfanye mfungwa wa golini. Kama kuna mwingine anayetamani kuvaa glavu, wagawane vipindi.

Utasikia hoja kwamba kugawa dakika sawa ni kuwanyima wenye vipaji. Siikubali. Kwenye kundi la umri mmoja, aliyezaliwa mwanzoni mwa mwaka wa usajili anaweza kumzidi mwenzake karibu miezi 12, na kwa mtoto wa miaka minane hiyo ni sehemu kubwa ya maisha yake yote. Imethibitika mara nyingi kwamba akademia za soka hujaa watoto waliozaliwa miezi ya mwanzo ya mwaka huo. Kwa hiyo yule unayemwona ana kipaji, huenda ametangulia kuzaliwa tu, na yule mdogo unayemwacha benchi bado hujajua atakuwa nani. Ukubwani huko, kwenye timu za miaka 16 au 17, tunaweza kuzungumza upya.

Mpira ukianza, nyamaza. Najua ni vigumu. Jaribu siku moja kumtazama mtoto mwenye mpira mguuni wakati kocha anapaza sauti "pasi!", baba yake anapaza "piga!", na mwenzake anaita jina lake. Ananyanyua kichwa kutafuta ni nani wa kumtii, na hapo hapo ananyang'anywa mpira. Halafu wote watatu wanasikitika. Angeachwa, angeamua mwenyewe, pengine vibaya, lakini wiki ijayo angekuwa na kitu cha kukumbuka. Sauti yako itumie mpira ukiwa umetoka nje, na kwa maneno mliyokubaliana mazoezini, mawili au matatu basi. Mazungumzo marefu yafanye na walioko benchi, kwa sauti ya chini: "Mtazame beki wao wa kulia, akipewa mpira anageukia wapi?" Mtoto huyo akiingia anaingia akiwa na kazi. Baadhi ya wazazi watakuona kocha asiyejali kwa sababu hupigi kelele. Ni sehemu ya gharama.

Mapumziko ni hivyo hivyo. Maji kwanza, kisha jambo moja, baada ya hapo waache. Kocha anayetoa mambo sita mapumzikoni anajihutubia mwenyewe.

Wazazi wapange upande wa pili wa uwanja, mbali na benchi, na waambie mwanzoni mwa msimu, si siku wameshakasirika, kwamba kushangilia kunaruhusiwa na kuelekeza hakuruhusiwi. Yule anayeshindwa kujizuia mpe kazi: awe mshika kibendera kama ligi inaruhusu, atunze maji, aandike mabadiliko. Kazi inawatuliza wengi kuliko maonyo.

Refa wa mechi za watoto mara nyingi naye ni mwanafunzi, kijana mwenye kipyenga kipya anayejifunza kama wachezaji wako. Atakosea kuotea, ataona mpira wa kurusha ni halali wakati mguu ulinyanyuka. Mpe mkono kabla na baada, na ukiwa na swali uliza mapumzikoni, ukimkaribia peke yako bila msafara. Kumbuka pia kwamba tangu 2019 kadi za njano na nyekundu zinawahusu hata makocha na viongozi walioko benchi. Na kama refa amesikia tusi kutoka benchi lakini hakumtambua aliyelitoa, adhabu inakwenda kwa kocha mkuu. Kwa maneno mengine, msaidizi wako mwenye mdomo ni mzigo wako wewe.

Kuna mambo mawili ambayo hayana mjadala. La kwanza ni kichwa. Mtoto akigongwa kichwani kisha akawa na kizunguzungu, kichefuchefu, macho mazito, au hakumbuki matokeo, anatoka na harudi siku hiyo, hata akikuapia kwamba yuko sawa, hata ikiwa fainali. Mzazi aambiwe ana kwa ana na mtoto apelekwe kwa daktari. Ukiwa hapo, fahamu pia kwamba Marekani ilitangaza mwaka 2015 kuwazuia watoto wa miaka 10 kushuka chini kupiga mpira kwa kichwa, na mwaka 2020 vyama vya England, Scotland na Ireland ya Kaskazini vikatoa mwongozo wa kuondoa upigaji wa vichwa kwenye mazoezi ya watoto wa shule za msingi. Kwako hata kama hakuna katazo, sioni sababu ya kuwafanyisha wadogo mazoezi ya vichwa. La pili ni radi. Ukiona umeme na ngurumo ikafika kabla hujahesabu sekunde 30, wote waingie ndani ya jengo au kwenye magari, na mchezo usirudi mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Chini ya mti si mahali pa kujikinga.

Utakuja kufungwa mabao mengi, na siku nyingine utawafunga wengine mengi. Ukiwa unaongoza kwa mbali, usiwaambie watoto waache kufunga, maana wapinzani wanaona wakifanyiwa huruma na wanaumia zaidi. Badilisha nafasi: mshambuliaji akawe beki, beki wa kati akajaribu winga, kipa atoke aonje kiungo. Mchezo unasawazika wenyewe na wako wanajifunza. Ukiwa unafungwa, wape lengo dogo linalofikiwa, kwa mfano pasi tatu mfululizo kabla ya kuvuka nusu ya uwanja, na lishangilie likitimia bila kujali ubao unasema nini.

Kipyenga cha mwisho kikilia, usifanye uchambuzi. Wanasalimiana na wapinzani, wanakunywa maji, wanakuambia wao walichofurahia, wanaondoka. Hesabu jezi kabla hazijapanda magari ya watu. Halafu baki uwanjani pamoja na mtu mzima mwingine mpaka mtoto wa mwisho achukuliwe na mtu aliyeandikishwa kumchukua. Usibaki peke yako na mtoto, na usimpe lifti peke yake, hata mzazi akikuomba kwa simu kwamba amechelewa. Panga zamu ya huyo mtu mzima wa pili tangu mwanzo wa msimu, kwa majina na tarehe, kwa sababu ukiomba wa kujitolea pale pale mechi imekwisha, kila mtu atakuwa na haraka.